Kutoka njwiywila hadi "wasiojulikana": maneno ya kwetu Rufiji yakienda mjini

Kimya kilikuwa cha UE, si mnajua tena, mtu akishaingia msimu wa kukesha Yombo na madesa hata simu ya nyumbani anaipokea kwa mashaka. Nimetoka salama (matokeo bado, msiniulize) na sasa nina wiki nzima ya kulala na kuandika.

Leo tuongelee maneno. Hapa chuoni chaja ya mtu ikipotea chumbani, "imechukuliwa na wasiojulikana". Mtu asipoonekana darasani siku mbili, "katekwa". Chapati ikiliwa, wasiojulikana. Boom likichelewa, eti nalo limetekwa njiani. Kuna mpaka stika za WhatsApp za gari lenye vioo vyeusi, mtu anakutumia ukikosa kujibu meseji. Na mimi nacheka, na mimi natuma. Ila mimi ni mtu wa Kibiti, na neno hili nililisikia kwetu kabla halijawa stika. Nikaona kabla hatujaendelea kucheka niandike lilikotoka, maana wengi wenu mwaka 2017 mlikuwa darasa la sita au la saba, na nina wasiwasi mnadhani lilianzia Twitter.

Lakini siwezi kuanza na 2017. Upande wetu una kawaida moja ya ajabu. Neno linatoka bonde la Rufiji likiwa na maana yake ya kawaida kabisa, linaenda mjini, linachezewa, halafu linaturudia likiwa na maana ambayo sisi wenyewe hatuijui. Na la kwanza kufanyiwa hivyo lilikuwa neno la kawaida kuliko yote: maji.

Mnaijua habari ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Mwaka 1904 alipandwa na pepo, akaanza kugawa dawa ya maji yenye mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama, kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hiyo shule ya msingi wanafundisha. Kitu ambacho hawafundishi sana ni namna habari ilivyosambaa. Hakukuwa na redio, na barabara zilikuwa za wapagazi. Habari ilienda kwa kunong'onezana, na mnong'ono huo ulikuwa na jina lake: njwiywila. Mtu anamwambia mtu, yule anamwambia mwingine, na katika kuambiana ujumbe unaongezeka chumvi, unafupishwa, unakuwa rahisi kubebeka, mpaka mwisho linabaki neno moja tu. Maji! Julai 1905 watu wa Nandete wakang'oa pamba ya Mjerumani, na muda mfupi baadaye neno likawa ukelele wa vita kuanzia vilima vya Matumbi hadi Ungoni. Wale wanaosema kusambaa kwa neno kwa kasi kumeletwa na simu janja, nawaambia waende wakasome njwiywila.

Na tunajua haya kwa sababu ya wanafunzi kama sisi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa hapa Mlimani (wakati huo hata chuo chenyewe kilikuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki) walitawanyika vijijini kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita, nao Gwassa na Iliffe wakachapisha kumbukumbu za Maji Maji. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile, na kwa usomaji wangu mimi ile si tamthilia ya vita hata kidogo, ni tamthilia ya neno lililomshinda mwenye nalo. Kinjikitile wa kweli alinyongwa Mohoro, Agosti 4, 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Neno halikunyongwa. Liliendelea bila yeye hadi 1907, na watu waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, wanakadiriwa kati ya elfu 75 na laki tatu. Leo ukimtajia mtu Majimaji anakuuliza kama timu ya Songea imepanda daraja. Mohoro yenyewe ikumbukeni, tutairudia chini.

Turuke miaka mingi. Redio imekuja, kanda zimekuja, na Bongo Fleva ndiyo ikashika kazi ya kubadilisha maneno. Professor Jay peke yake angetosha makala nzima. "Ndiyo Mzee" ya 2001: maneno mawili ya adabu, kila mtoto aliyelelewa Pwani anayasema mara kumi kwa siku, wimbo ukatoka na tangu hapo "ndiyo mzee" ni jina la mtu asiye na msimamo anayeitikia kila kitu cha mkubwa. Mpaka leo nyumbani ukimwitikia baba hivyo, wadogo zako wanakutazama. Halafu "Zali la Mentali" ikapeleka neno la vijiweni vya Dar hadi vijijini kusikokuwa na umeme, kwa redio ya betri. (Yeye mwenyewe baadaye akaingia Bungeni mwaka 2015 kuwakilisha Mikumi, mahali ambapo nadhani alikutana na ndiyo mzee wengi tu.)

Sasa lile lililonichekesha kuliko yote ni chura. Hapa mnivumilie kidogo, maana hadithi ni ndefu na nzuri.

Maji ya mto Kihansi yanashuka kwenye maporomoko, yanaingia Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, yanapita kwetu mpaka Delta na baharini. Kwenye ukungu wa maporomoko yale, miaka ya tisini, wataalamu waligundua chura mdogo sana wa rangi ya dhahabu asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Bahati mbaya ni hapohapo ulipokuwa unajengwa mradi wa umeme. Maji yakachepushwa, ukungu ukapungua, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani kutunzwa. Nchi nzima ikacheka. Binadamu ananyimwa viza, chura anapanda ndege! Kwa miaka mingi "vyura wa Kihansi" ilikuwa namna ya kusema anasa, upuuzi wa wafadhili, au ndugu yako aliyepata safari ya nje bila kustahili. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa, na wakafikia wapi? Hapa chuo kikuu! Kulikuwa na nyumba maalumu ya kuwazalisha hapahapa Mlimani kabla wengine hawajarudishwa Kihansi mwaka 2012. Kuna watu wamemaliza digrii tatu hapa bila kujua.

Halafu ikaja 2016, Snura akatoa "Chura". Mwezi Mei serikali ikaipiga marufuku ile video kwa maadili, na kama kawaida ya marufuku, hata aliyekuwa hajaiona akaitafuta. Tangu siku hiyo mtu akisema fulani "ana chura" hakuna anayefikiria maporomoko. Anafikiria umbo la nyuma la dada wa watu. Wimbo mmoja, dakika chache, na kiumbe aliyetumiwa mamilioni ya fedha za wafadhili ili asipotee duniani, akapotezwa kwenye lugha. Na kwetu, ambako chura ndiye anayetangaza kwamba maji yanakuja, wazee inabidi wachague maneno mbele ya vijana maana wakisema "chura wanalia usiku" kuna mtu anaangua kicheko.

Maji yanakuja, nimesema, kwa hiyo tufike kwenye mafuriko. Mtu wa mjini akisikia mafuriko anawaza Jangwani na kambi za waathirika. Mrufiji neno hilo kwake lina pande mbili. Mto ukifurika unaacha tope, na kwenye tope lile maji yakipungua unapanda mahindi, kunde, mboga. Kilimo cha mlau hicho, cha tangu mababu. Mwaka usiofurika ni mwaka wa njaa. Lakini mto ukizidi, unaua. Serikali ilipohamisha watu bondeni kwenda kwenye vijiji vya ujamaa, ile Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya sitini, sababu iliyotolewa ilikuwa mafuriko, na wazee wengi waliendelea kushuka bondeni kulima kwa sababu hiyohiyo ya mafuriko. Neno moja, na serikali na mkulima wote wako sahihi.

Kampeni za 2015 zikalichukua. Julai ile Edward Lowassa alihama CCM kwenda Chadema, na mikutano yake ikaanza kujaa watu kupita kiasi. Ule umati ukaitwa mafuriko. Picha zilizopigwa kutoka juu zikasambaa WhatsApp, kila upande ukiwa na mafuriko yake, na kila upande ukimtuhumu mwenzie kwamba picha imetengenezwa, vichwa vimenakiliwa na kubandikwa. Wenye mafundi wa kompyuta walipata riziki mwaka ule. Mpaka Oktoba 25 mafuriko ilikuwa na maana ya umati wa watu na si maji tena, na kwa muda mrefu baadaye mtu akiandaa kongamano hapa chuoni na Nkrumah ikajaa, ni mafuriko.

Aprili 2024 maji yakaja kulichukua neno lake. Rufiji na Kibiti tukafurika, nyumba na mashamba chini ya maji, watu kwenye mitumbwi juu ya mahali palipokuwa na barabara. Muhoro (ndiyo, ileile Mohoro ya Kinjikitile, siku hizi wanaandika hivyo) ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana, na ukaanza mpango wa kuwapa watu viwanja sehemu ya juu. Ukazuka na ubishi kuhusu Bwawa la Julius Nyerere, kwamba maji yamefunguliwa, huku serikali ikijibu kwamba bila bwawa ingekuwa vibaya zaidi. Nakumbuka mtandaoni picha za kwetu zikipita, na chini yake kuna mtu ameandika utani wa mafuriko ya 2015. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Neno lilikuwa limeshachukuliwa, basi, akatumia maana aliyoijua.

Sasa ndio tufike pale nilipokuwa nakwepa.

"Watu wasiojulikana" si maneno mapya. Magazeti yetu yameyatumia miaka nenda rudi kwenye kurasa za matukio: mfanyabiashara ameuawa na watu wasiojulikana, duka limevunjwa na watu wasiofahamika. Ni Kiswahili cha taarifa ya polisi. Lakini litazameni neno lenyewe, kwa wale wa isimu. Wa-si-o-julikana. Angesema mwandishi "watu ambao polisi hawawajui" tungejua nani asiyejua. "Wasiojulikana" linamficha asiyejua. Ni kana kwamba kutojulikana ni tabia yao ya kuzaliwa, kama kabila. Wasiojulikana na nani? Neno halisemi.

Kuanzia 2016, Kibiti (tuliyomegwa kutoka Rufiji miaka hiyohiyo), Rufiji na Mkuranga, watu wakaanza kuuawa. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama, polisi, mgambo. Mara nyingi jioni au usiku, mara nyingi kwa bunduki na pikipiki. Hadi katikati ya 2017 waliouawa walikuwa wamepita 30. Kila tangazo lilisema walewale: watu wasiojulikana. Serikali ikaunda kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, bodaboda zikapigwa marufuku kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kwa wilaya iliyo kando ya barabara ya Kilwa ambayo vijana wake wengi wanaishi kwa bodaboda, fikirieni wenyewe. Watu wa siasa na usalama wakatuunganisha kwenye kifupi, MKIRU, na ghafla nikawa ninatoka sehemu ambayo sikuwahi kuisikia.

Sasa angalieni mfuatano wa wiki tatu za mwaka ule, maana naona ndizo zilizozaa maana mpya. Mwishoni mwa Machi 2017 Nay wa Mitego akatoa "Wapo", akakamatwa, halafu Rais Magufuli mwenyewe akasema aachiwe na wimbo upigwe, tena aongeze na wengine. Nchi nzima ikawa inasema "wapo". Wapo akina nani? We jua tu wapo. Aprili 5, Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa studio za Tongwe Records pale Dar, wakaonekana tena siku tatu baadaye. Waliowachukua? Hawajulikani. Na Aprili 13, eneo la Jaribu wilayani kwetu, polisi wanane wakauawa kwa mpigo mmoja wakiwa kwenye gari lao. Msanii, wimbo, na polisi wa watu. Mambo matatu yasiyohusiana kwa lolote ninalolijua, lakini yameangukia mwezi mmoja na yote yanahusu watu wasiotajwa majina. Lugha haiulizi ushahidi. Ikayachanganya.

Septemba 7 mwaka huohuo Tundu Lissu akapigwa risasi Dodoma, na wasiojulikana wakahama rasmi Kibiti. Hapo ndipo neno lilipogeuka. Kibiti lilikuwa na maana ya hofu: hatujui ni nani, anaweza kuwa huyu anayepita. Mjini likawa na maana ya kejeli, karibu kinyume chake: tunajua, ila hatusemi. Watu wakaanza kusema "wasiojulikana wanaojulikana". Mo Dewji alipotekwa Oktoba 2018 neno lilikuwa tayari, halikuhitaji maelezo. Na tukumbuke mazingira. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwepo tangu 2015, na mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui zilizomtaka hata mwenye blogu ajisajili na kulipia. Katika hali hiyo utani ulifanya kazi ambayo taarifa haikuweza. Ukisema fulani kafanya, unashitakiwa. Ukisema wasiojulikana na kuweka kikaragosi kinachokonyeza, umesema na hujasema. Hilo nalipa heshima yake, kulikuwa na ujasiri ndani yake. Njwiywila ile ile, tofauti ni kwamba kwenye simu kila mtu anausoma mnong'ono, mpaka anayenong'onwa.

Lakini kuna mtu ambaye alijaribu kulirudisha neno kwenye maana ya kwanza, yaani kutafuta nani. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiandikia Mwananchi kutoka hukohuko Kibiti, ndiye aliyekuwa akiripoti mauaji yale wakati wengine wanapita kwetu na madirisha yamefungwa. Novemba 21, 2017 akatoweka. Mitandaoni watu waliuliza yuko wapi Azory, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, miaka ikapita. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati ule, Profesa Palamagamba Kabudi, akihojiwa na BBC alimzungumzia kama mtu aliyetoweka na kufa. Kelele zilipokuwa nyingi ikaelezwa kwamba amenukuliwa vibaya, hakuwa anathibitisha kifo. Familia ikabaki palepale. Si msiba, si matumaini.

Na hao sio wote. Kuna watu wa vijijini waliochukuliwa wakati wa operesheni ambao ndugu zao wanasema hawajawaona tena. Wanasiasa wa upinzani, akiwemo Zitto Kabwe, walitaka uchunguzi huru. Sasa waliochukuliwa hao wanaingia kwenye neno gani? Tumezoea kwamba wasiojulikana ni wanaochukua. Kwetu waliochukuliwa ndio wamekuwa hawajulikani: hawajulikani walipo, hawajulikani kama wamezikwa, wake zao hawajulikani kama ni wajane wa kukaa eda au la. Hii maana ya tatu haina stika.

Ndio maana nyumbani kwetu silisikii likitumika kama hapa. Nikienda likizo, mama akiwa anasimulia mambo ya kipindi kile, anasema "wale" tu, halafu anaendelea na habari ya bei ya korosho. Mjomba wangu ndiyo hataji kabisa. Anasema "ule mwaka". Nilipomwonyesha mdogo wangu stika moja alicheka sana, yeye kazaliwa baadaye kidogo na hana cha kukumbuka. Mama akauliza mnacheka nini, tukasema hamna kitu.

Mwaka 2024 neno likapata nguvu mpya. Ali Mohamed Kibao, kada wa Chadema, alishushwa kwenye basi Septemba 6, siku ya pili akakutwa amekufa. Rais Samia akaagiza uchunguzi. Na mtandaoni, ndani ya saa chache, kwenye habari ileile, kulikuwa na wanaolia na wanaotuma stika, na sina hakika kama kila aliyetuma alijua yuko kundi gani. Mimi mwanzoni nilisema kejeli ilikuwa ujasiri, na sirudi nyuma. Ila naona neno likishatumika kwa chapati na chaja linapungua makali hata linapohitajika. Mtu akisema ndugu yangu amechukuliwa na watu wasiojulikana, sekunde ya kwanza msikilizaji anasubiri mwisho wa utani.

Wapo watakaoniambia lugha ndivyo ilivyo, haina mwenyewe, na wa isimu mna nadharia zenu. Sawa, leteni. Lakini nina ombi la kazi zaidi kuliko nadharia. Wenzetu wa 1968 waliwahi wazee kabla hawajafa, wakayaandika maneno yao kama walivyoyasema. Wale wa kwetu mliopo hapa chuoni, wa Bungu, Jaribu, Ikwiriri, Nyamisati, na hasa wa Delta ndani, Salale na Mbuchi huko: mkienda likizo sikilizeni nyumbani wanakiitaje kile kipindi cha 2016 na 2017. Kwetu ni "wale" na "ule mwaka". Bibi mmoja wa upande wa Mchukwi nimemsikia akisema "wakati wa saa kumi na mbili". Msitaje majina ya watu, nileteeni maneno tu na kijiji. Nina daftari, nimeshaandika matatu hayo.